Dume la Miaka Arobaini na Moja

Kila Gvozden alipoingia kilabuni, wanaume walikunja miguu. Hawakukusudia. Magoti yenyewe yalikutana chini ya meza, kimyakimya, kama milango ya duka mvua inapoanza. Kisha wenye magoti walicheka, kwa sauti iliyozidi kidogo kichekesho chenyewe, na mmoja wao akamwagizia glasi. Mtu wa kazi kama ile huagiziwa glasi na kila mtu. Hakuna anayetaka aondoke na kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kuhasi nguruwe. Baba yake alihasi, babu yake alihasi, na kisu kilikuwa kilekile, chenye mpini wa pembe uliolika kwa viganja vya watu watatu. Katika Mačva yote, nchi tambarare kama meza, ambako nguruwe ni wengi kuliko watu na hawabishani siasa, hapakuwa na zizi ambalo Gvozden hajapiga magoti ndani yake. Dume akiachwa na vyake, nyama yake hunuka. Ukiitia kikaangoni, jirani wa nyumba ya tatu hufunga dirisha. Kwa hiyo kila majira ya kuchipua na kila vuli Gvozden alipanda pikipiki yake akazunguka kijiji hadi kijiji, na kila alipopita palibaki utulivu. Alikuwa na mkono mwepesi. Dume alipoanza kupiga kelele, sababu ya kelele ilikuwa imeshaingia kwenye bakuli.

Bakuli lile lilikuwa haki yake. Ndiyo desturi ya huko: mwenye nguruwe hutoa shukrani na rakija, gongo la plamu, na mhasi huondoka na kilichokatwa. Mezani huitwa figo nyeupe, kwa kuwastahi wanawake waliopo, ambao ndio wanaozimenya na wanajua fika kwamba si figo. Gvozden alizichoma kwa vitunguu saumu na chumvi ya mawe. Na kila mtu Mačva anajua kwamba figo nyeupe humzidishia mwanamume uanaume. Namna zinavyofanya hivyo hakuna aliyewahi kuuliza. Nyama nyingine zote huishia tumboni. Hii peke yake inaaminika kuijua njia, na huteremka moja kwa moja hadi inakohitajika.

Kwa kiasi alichokwisha kula, Gvozden angestahili watoto wa kujaza shule ya msingi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mke aitwaye Stamena, ndoa ya miaka mitatu, na mtoto hakuna.

Kijiji kilikuwa na maelezo yake. Madume, walisema, wamemshitaki mbinguni. Kila aliyempitia mkononi amefika huko juu akiwa na malalamiko yaleyale, na Mungu naye ana moyo.

"Hebu fikiria msururu wake," mwenye kilabu alisema. "Toka zama za babu yako. Wote wamesimama mlangoni, wanakuelekezea kwato."

"Wamekaa," akadakia mwingine. "Baada ya Gvozden kukupitia, kusimama huwezi."

Gvozden alicheka pamoja nao. Kisha alirudi nyumbani akakaa na buti zake miguuni, akiutazama mshumaa.

Mshumaa ndio uliokuwa kesi yenyewe. Kila nyumba ya huko ina mtakatifu wake, na siku ya mtakatifu huyo, iitwayo slava, mkuu wa nyumba huwasha mshumaa mrefu wa nta, padri hukata mkate, wageni huja bila kualikwa na hula bila kuombwa. Mtakatifu hurithiwa kama jina. Baba humwachia mwanawe, naye humwachia wake. Nyumba isiyo na wa kumwachia, watu husema imezimika, na husema hivyo hata mwenye nyumba akiwa bado yuko pale mezani anakunywa supu ya samaki.

"Mwanangu, mimi sisemi kitu," alisema mama yake, Savka, kila asubuhi. Kisha alisema. Alisema juu ya marehemu baba, juu ya Mtakatifu Nikola, na juu ya binti wa jirani aliyeolewa wiki ile ya harusi yao na sasa kitanda hakimtoshi kwa watoto. Stamena, ambaye alifanya kazi kwenye tanuri la mikate mjini na mikono yake ilinuka siagi na jibini hata Jumapili, alimwacha amalize, kisha akauliza:

"Mama, umemaliza kutosema?"

Lakini usiku mmoja Gvozden alimsikia Stamena akilia bafuni, bomba la maji limefunguliwa ili asisikike. Hapo ndipo aliposahau kucheka.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera wakati huohuo, na ni lazima lisemwe hapa, kwa sababu litarudi. Shamba kubwa la nguruwe nje ya mji lilikuwa limeacha kumwita. Daktari wao mpya wa mifugo, mwanamke kijana aitwaye Zorka, alikuwa ameleta chanjo. Mara mbili dume huchomwa sindano nyuma ya sikio, basi. Vile vitu vyenyewe husinyaa kama zabibu, nyama hainuki, na hakuna damu wala kelele.

"Sindano!" Gvozden alitangaza kilabuni. "Dume anahasiwa na mwenyewe hajui! Mimi nikimhasi mtu, anajua kahasiwa. Kuna heshima hapo. Ile ni kama kumwibia mtu akiwa usingizini."

Waliokuwepo walikubali kwamba kweli, ikibidi kuhasiwa, heshima ni jambo la kwanza.

Sasa, binamu. Kila ukoo una binamu mmoja ambaye shingo yake ni pana kuliko kichwa chake, na kwa Gvozden alikuwa Bogić. Bogić alikuwa amefungua ukumbi wa mazoezi ndani ya sinema ya zamani, akaweka vyuma palipokuwa viti na kioo kikubwa palipokuwa skrini, ili watu waendelee kutazama wanachokipenda. Gvozden alipomweleza shida yake, kwa kuzungukazunguka, Bogić alimsikiliza huku akikunja na kukunjua msuli mmoja wa mkono kama mtu anayechezea kalamu.

"Tatizo lako, kaka, unakula," alisema hatimaye. "Kula ni polepole. Hii hapa." Akaweka kichupa mezani. Ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya mafuta ya alizeti. "Testosteroni. Uanaume wenyewe, umechujwa, umetiwa kwenye chupa. Hicho ulichokuwa unakitafuta kwenye bakuli miaka yote."

"Na mtoto?"

"Mtoto anatoka wapi?" Bogić akauliza, kwa huruma ya mtu anayemfundisha mwingine alfabeti. "Si kwa uanaume? Basi. Zidisha uanaume, upate mtoto. Hesabu ya darasa la kwanza."

Ilikuwa hesabu ya darasa la kwanza kweli, na kama hesabu nyingi za darasa hilo, iliacha nje kila kitu kinachofundishwa baadaye. Lakini Gvozden aliipenda. Ilifanana na yale aliyoyaamini tangu utotoni, ila ilikuwa na sindano, na mambo yenye sindano huonekana ya kisomi. Alichemsha bomba lake la sindano, kwa kuwa alikuwa fundi msafi, akajifungia ghalani, akajichoma pajani. Hakumwambia Stamena. Alitaka iwe zawadi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya ushindi. Mabega yalimpanuka hadi akapasua shati la harusi. Ndevu zilimwota kwa kasi ya magugu. Alinyanyua gunia la mahindi kwa mkono mmoja, akaliweka chini, akatazama kama kuna aliyeona, akalinyanyua tena. Aligombana na jogoo, na padri, na mtangazaji wa habari wa televisheni. Shingoni zilimtoka chunusi za mvulana wa sekondari. Na mlango wa chumba cha kulala ulifungwa mapema kuliko kuku walivyolala.

"Mwezi wa kwanza nilifurahi," Stamena alimwambia mwenzake kazini. "Mwezi wa pili niliomba zamu ya alfajiri."

Savka, kwa upande wake wa ukuta, aliwasha mshumaa wa ziada kwa Mtakatifu Nikola na kuongeza sauti ya televisheni. Sasa ni suala la wiki tu, alijiambia.

Wiki zikapita, mimba haikuja. Ndipo Gvozden, siku moja akioga, alipofanya ugunduzi.

Ni lazima ieleweke kwamba kiganja cha mtu huyu kilikuwa mizani. Kwa zaidi ya miaka ishirini kilikuwa kimepima vitu vya aina hiyo, vya kila umri na kila ukoo wa nguruwe, na hakikuwahi kudanganya. Sasa kilipima, kikasita, kikapima tena. Vilikuwa vimepungua. Si kupungua kwa baridi, kunakojulikana na kila mwanamume aliyewahi kuoga mtoni mwezi Aprili. Vilikuwa laini, vidogo, vimekata tamaa. Kama vingekuwa vya nguruwe, angemwambia mwenye nguruwe asijisumbue kumwita, kazi imeshafanyika.

Alifanya alichofanya kila mtu ambaye dawa inamdhuru: alizidisha dawa. Vikapungua zaidi.

Bogić asingeweza kuulizwa. Jambo la namna ile haliwezi kutamkwa mbele ya kioo kikubwa vile. Daktari wa zahanati alikuwa mke wa mwenye kilabu. Katika wilaya nzima alibaki mtu mmoja anayejua mambo ya madume na ambaye Gvozden hakujali atamdharau, kwa kuwa tayari walikuwa wanadharauliana. Akavaa koti la kola ndefu, akapanda pikipiki, akaenda shamba kubwa.

Zorka alikuwa katikati ya zizi, buti hadi magotini, bomba la chanjo mkononi. Alipomwona, alinyooka.

"Bwana Gvozden. Umekuja kunitukana ana kwa ana? Nimezoea kuletewa salamu."

"Hapana, dada daktari. Nina swali la kikazi." Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nguruwe tu. "Kuna dume mmoja. Wa jirani."

"Enhe."

"Mzima kabisa. Anakula, kifua kipana, ana nguvu za kuvunja lango. Ila kule nyuma... vinapungua."

"Vinapungua vipi?"

"Vilikuwa kama yai la bata. Sasa la kwale."

Zorka akaliweka bomba juu ya ukingo wa zizi. "Na jike anampanda?"

"Anampanda! Jike ndiye anayelalamika."

"Jike analalamika," Zorka alirudia taratibu. "Na mimba?"

"Hakuna."

"Dume ana umri gani?"

"Arobaini na moja," alisema Gvozden.

Nguruwe mmoja alipiga chafya.

"Miezi," akaongeza Gvozden.

"Miezi, naam." Uso wa Zorka haukubadilika hata kidogo, na kwa hilo Gvozden alimshukuru hadi mwisho wa maisha yake. "Ana chunusi shingoni, huyo dume?"

Gvozden akaipandisha kola. "Kiasi."

"Amekuwa mkali?"

"Alimtukana padri."

"Basi mwambie jirani yako," alisema Zorka, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, "kwamba mtu fulani anamchoma dume wake testosteroni. Au dume anajichoma mwenyewe. Siku hizi nguruwe ni wajanja."

Gvozden naye akatafuta ndoo.

"Lakini testosteroni ndiyo uanaume," alisema kwa sauti ndogo. "Ikizidi, si vingetakiwa vikue?"

"Mama yako ana jiko la kuni pale jikoni?"

"Analo. Tunapikia, tunaokea mkate, tunaota moto. Lina uhusiano gani na dume?"

"Nani anaamua liwashwe?"

"Mama. Akifungua kabati akiona hakuna chakula, anawasha."

"Vizuri. Sasa mimi naanza kukuleteeni chakula cha hotelini. Kila siku, masufuria yamejaa. Mama anafungua kabati, anaona mna chakula cha wiki nzima. Atawasha jiko?"

"Awashe la nini?"

"Na mkate utaokwa wapi?"

Gvozden akaisogeza ndoo yake karibu.

"Mama huyo yuko kichwani mwa dume," Zorka akaendelea. "Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoonja damu saa zote. Ikiona testosteroni ni haba, inatuma homoni kama mjumbe kwa tezi iliyo chini yake, ndogo kama harage, na harage hilo nalo linatuma wajumbe wake wawili hadi kule nyuma. Mmoja anawasha moto: pikeni testosteroni. Wa pili anawaambia mafundi wa mbegu: kazini. Damu ikijaa testosteroni, kichwa kinasema inatosha, kinapunguza wajumbe. Siku zote ni hivyo, kupanda na kushuka, na dume mwenyewe hana habari. Sasa wewe... sasa jirani yako anamwaga testosteroni ya chupa. Kichwa kinaonja, kinasema: lo, tumeshiba! Hakitumi mtu. Jiko linapoa, mafundi wanalala, na kiwanda kisichofanya kazi kinasinyaa."

"Lakini si bado ipo damuni? Wale mafundi wachukue hiyo!"

"Haiwatoshi. Mle ndani ya jiko inatakiwa testosteroni nyingi mara nyingi kuliko iliyoko damuni, na hiyo haiji na chupa. Hupikwa palepale. Ndiyo maana dume wako nje ni simba, ndani ni jivu."

Gvozden alitazama bomba lililokuwa juu ya ukingo wa zizi. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Na hiyo chanjo yako," alisema, "inafanyaje?"

"Inamkamata yule mjumbe wa kwanza njiani, kabla hajafika kwenye harage." Hapo ndipo mdomo wa Zorka ulipocheza kidogo, upande mmoja. "Mimi namkamata mjumbe. Jirani yako amefanya mjumbe asitumwe kabisa. Kule nyuma ni yaleyale: hakuna aliyebisha hodi."

Kwa hiyo ni ileile aliyoitukana kilabuni. Sindano, bila damu, bila kelele, na mhasiwa mwenyewe hajui. Mtu wa tatu katika ukoo wa wahasi, mwenye kisu cha pembe, alikuwa amehasiwa kwa njia aliyoiita ya wizi, na mwizi alikuwa yeye.

"Na figo nyeupe?" aliuliza, kama mtu aliyeunguliwa nyumba anayeuliza kama hata paka hakuokoka.

"Protini," alisema Zorka. "Tumbo na ini havijui heshima. Vinasaga kila kitu." Akasimama, akachukua bomba lake. "Mwambie dume aache, lakini asiache kienyeji. Mjini kuna daktari wa homoni, wa watu. Siku hizi anapokea na nguruwe. Na mwambie amwambie jike. Jike anadhani kosa ni lake."

Alimwambia Stamena jioni ileile, mezani, mama yake akiwa kwa jirani. Alianza na jiko la kuni. Stamena alidhani jiko limeharibika. Alipofika kwenye harage, alidhani ni chakula cha kesho. Ilibidi hatimaye aseme yote kwa maneno mafupi, na akatoa kichupa akakiweka kati ya chumvi na mkate.

Stamena alikitazama. Akamtazama mumewe, mabega yale, shingo ile. Pembe za mdomo zilianza kumtetemeka.

"Umejihasi," alisema. "Mwenyewe."

"Sikujua..."

"Mačva yote wanangoja zamu ya Gvozden, na Gvozden kajipitisha mbele ya foleni!"

Alicheka hadi akashika meza. Kisha, bila kituo, kicheko kikageuka kilio, kisha hasira, na jibini iliyokuwa karibu ikaruka ikampata Gvozden kifuani, mahali palipokuwa papana kiasi kwamba haikuwezekana kukosa.

"Mwaka mzima nanywa dawa ya majani ya watawa!" alipiga kelele. "Mama yako ananipaka mafuta ya patakatifu tumboni! Nimelala na kitambaa cha mtakatifu chini ya mto! Na wewe uko ghalani unajichoma kama nguruwe!"

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ungeuliza!"

Gvozden aliiokota jibini, akairudisha mezani.

Daktari wa homoni alikuwa mtu mpole mwenye miwani ambaye hakushangaa lolote. Alipima damu, akapima na kile kingine ambacho Gvozden alikipeleka ndani ya kikopo akiwa amekificha kwenye kofia. Hakukuwa na mbegu hata moja. Mengi ya haya hurudi, alisema, si yote, na si haraka. Akampa vidonge vya kukikumbusha kichwa kazi yake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza, si mama, si padri, si Bogić.

"Kabla ya sindano. Mlikuwa mnakutana mara ngapi?"

Gvozden akafikiri. Majira ya kuchipua, anahasi vijijini, analala anakolala. Kiangazi, mavuno. Vuli, anahasi tena. Kisha plamu, kupika rakija, kuionja rakija. Kisha miezi ya kuchinja. Kila mahali glasi, kila jioni anarudi amebebwa na pikipiki badala ya kuiendesha.

"Sikukuu," alisema.

"Zipi?"

"Zile kubwa."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Yaliyofuata yalikuwa majira ambayo familia ile huyakumbuka kwa namna tofauti. Chupa imeondoka, jiko bado halijawaka. Kwa miezi Gvozden alikuwa na homoni za maksai. Mabega yalishuka. Tumbo likatoka, jororo na la amani. Hakugombana na mtu. Adhuhuri alikaa na mama yake kutazama tamthilia za Kituruki, na yule binti yatima alipokataliwa na wakwe, Gvozden alilia hadi Savka akampa kitambaa chake.

"Hajawahi kuwa mtoto mzuri hivi," Savka aliwaambia majirani. "Ananimenyea na pilipili."

Kisu hakukigusa. Kila alipokishika, aliwaza mno. Ila alikuwa nyumbani. Alikuwa nyumbani kila siku, hana glasi, anamngoja Stamena atoke tanurini, anamkanda miguu, anamweleza yatima amefikia wapi. Stamena alimsamehe kidogokidogo, kama mtu anayelipa kwa awamu. Siku moja alimwambia kwamba mume huyu asiyefaa kitu ndiye ambaye yeye alidhani anaolewa naye tangu mwanzo.

Kabla ya hapo Gvozden alikuwa na deni moja la maneno kwa binamu yake. Alikwenda kwenye ile sinema ya zamani, saa ya wateja wengi, akasimama mbele ya kioo na kutangaza, pasipo kumtaja dume wala jirani, yote yaliyompata: jiko, kabati, mama, mkate. Vyuma viliacha kulia kimoja baada ya kingine.

"Kaka, unanifukuzia wateja," alisema Bogić. Lakini alisema polepole. Bogić alikuwa ameoa miaka miwili iliyopita, na kwa miaka miwili alikuwa akimlaumu mkewe kwa kukosa mtoto.

Mmoja alienda msalani. Akakaa huko muda wa mtu anayekagua, akatoka. Akaingia wa pili. Bogić alingoja zamu yake kama wengine.

Kuanzia siku ile, Gvozden alipoingia kilabuni hakuna aliyekunja miguu. Walimkaribisha kwa upole, wakamsogezea kiti laini. Hilo lilimuuma kuliko kisu.

Siku ya Mtakatifu Nikola, Desemba, baridi ilikuwa imeganda kwenye madirisha na nyumba imejaa. Ni siku za mfungo, kwa hiyo mezani palikuwa na samaki, maharage, na si nguruwe hata mmoja. Gvozden aliona ni uungwana wa mtakatifu. Aliwasha mshumaa. Padri, ambaye alikuwa amesamehe, alikata mkate. Kisha Savka akazunguka na rakija, glasi kwa kila mtu, kama inavyotakiwa, na alipofika kwa Stamena, Stamena akaweka kiganja juu ya glasi.

"Kunywa, mwanangu, ni baraka."

"Sinywi, Mama."

"Tone moja. La mtakatifu."

"Mwaka huu sinywi, Mama."

Savka akasimama na chupa hewani. Mwenye kilabu akaweka kijiko chini. Meza nzima ikamtazama Stamena, ambaye alikuwa mwekundu hadi masikioni, kisha ikamtazama Gvozden, ambaye alikuwa akiitazama supu yake kana kwamba ina maandishi. Na ndipo, chini ya kitambaa cheupe cha meza, Gvozden alisikia sauti ambayo hakuisikia kwa mwaka karibu mzima. Viti vililia. Nguo zilisuguana. Kuanzia kwa mwenye kilabu hadi kwa Bogić kule mwisho, wanaume walikuwa wanakunja miguu.

Savka alikaa, akalia, akajifuta, akasimama tena. Hakuwa mtu wa kufurahi muda mrefu.

"Na akiwa msichana?" alisema. "Mimi sisemi kitu. Lakini mshumaa ataurithi nani?"

Stamena akafungua droo ya meza, akatoa kiberiti, akakiweka mbele ya mama mkwe wake, karibu na samaki.

"Hebu kiulize, Mama," alisema. "Kama kinachagua anayekiwasha."